Kuvimba kwa oganoidi si kuongezeka kwa seli

Mhariri,

Nilifurahi kuona ukurasa wenu wa afya ukieleza habari za oganoidi, yaani vijiutumbo vidogo mno vinavyooteshwa maabara, lakini naomba nafasi nisahihishe jambo moja. Mwandishi alichukulia kwamba oganoidi zilizotiwa dawa zikaongezeka ukubwa ni lazima seli zake zimegawanyika kwa kasi, na hilo halifuati.

Tangu mwaka 2009, Toshiro Sato, Hans Clevers na wenzao wa Uholanzi walipoonyesha kwamba seli shina moja (seli mama inayoweza kuzaa seli za aina nyingine) ya utumbo wa panya inaweza kukua ikawa oganoidi, inajulikana kwamba kila moja ina uwazi katikati, na uwazi huo unaweza kujaa maji. Ukiipa oganoidi yenye afya kemikali iitwayo forskolini, huvimba ndani ya saa chache kwa sababu chumvi na maji huvutwa kuingia ndani, wala si kwa sababu seli mpya zimezaliwa. Sumu ya kipindupindu, tunayoijua vizuri mno huku kwetu, huichochea njia hiyohiyo.

Anayetaka kujua kama seli zinagawanyika hana budi kuzitazama seli zenyewe. Njia ninayoiamini zaidi ni ya EdU, kemikali inayofanana na thaimidini (mojawapo ya vijenzi vya DNA), ambayo hutiwa kwa muda mfupi, tuseme saa moja au mbili, ikajipachika katika DNA ya zile seli tu zinazoinakili DNA yake wakati huo, kisha zikang'arishwa na kuhesabiwa chini ya hadubini kama sehemu ya viini vyote. Protini ya Ki-67 nayo husaidia, ila huonekana katika karibu kila hatua ya mzunguko wa seli, kwa hiyo huonyesha seli zisizopumzika bila kusema zinakwenda kwa kasi gani. Kipimo cha ATP, ambacho wengi hukipenda kwa wepesi wake, hupima nishati ya seli hai: dawa inayozuia seli zisife itakipandisha hata kama hakuna seli hata moja iliyogawanyika.

Ninawaomba, basi, kila mnapoandika kwamba dawa fulani imeongeza seli za utumbo, mtaje zilihesabiwa kwa kipimo kipi.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro