Harambee ya Bomba la Majitaka: Kazi Inaanzia Bondeni, Mchango Unaanzia Juu

Ndugu majirani,

Kamati ya wakazi inawaomba mchango wa kujenga bomba la majitaka litakalopita chini ya barabara zetu, kutoka nyumba za juu kabisa hadi kwenye bomba kuu lililoko bondeni. Ombi ni la kila kaya. Hata hivyo, tunawageukia kwanza wenye nyumba za juu, maana wao watachangia mapema na kuunganishwa mwisho, na wana haki ya kuelezwa kwa nini.

Majitaka hayasukumwi kama maji ya bombani. Hushuka yenyewe, kwa hiyo kila kipande cha bomba lazima kilale chini kidogo kuliko kile kilichotangulia. Mteremko ukipungua, maji hupita na uchafu mzito hubaki nyuma, hatimaye bomba linaziba. Wahandisi hutaka mwendo usiopungua sentimita 60 hivi kwa sekunde, angalau wakati wa matumizi makubwa ya siku, ili bomba lijisafishe. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 150, hilo huwa na maana ya kushuka mita 1 katika kila mita 100 hadi 150. Ni mteremko mdogo ambao jicho haliuoni, na sentimita chache za makosa zinatosha kutuamisha maji ndani ya bomba. Ndiyo sababu kazi huanzia bondeni, penye kina kinachojulikana, kisha hupanda. Anayeanzia juu akikosea vipimo, atafika chini akute bomba lake limelala chini ya bomba kuu, na hapo ni kufukua upya.

Basi mwenye nyumba ya juu anapochangia leo mtaro unaochimbwa mbali na lango lake, asidhani anawafanyia wa bondeni hisani. Bomba lake halina pa kwenda bila kipande kile.

Hali ya sasa mnaijua. Kila nyumba ina karo lake la majitaka, na shimo ambalo maji ya karo hufyonzwa na udongo. Mpango huo ulifaa nyumba zilipokuwa chache na viwanja vikubwa. Sasa tumebanana, ardhi imeshiba, na mvua ikinyesha makaro yanafurika hadi njiani wanakopita watoto. Kinachotisha zaidi ni kile kisichoonekana: maji ya makaro yanayopenya udongoni kuelekea visimani. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu mjini London hadi kwenye pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street, na baadaye ikagundulika kwamba karo bovu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu kabisa na kisima hicho. Waliokufa hawakuwa wa nyumba hiyo peke yake. Karo la mtu mmoja ni jambo la mtaa mzima.

Kuna wanaosema kazi hii ni ya serikali tu. Mtambo wa kusafisha na mabomba makuu, ndiyo, hayo hatuyawezi na hatutajifanya tunayaweza. Ila bomba la njia tumeona wengine wakilijenga. Huko Orangi, katika mji wa Karachi nchini Pakistan, Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi mwaka 1980 ambao wakazi wa kila kichochoro walichagua msimamizi wao, wakachanga fedha na kulaza bomba lao wenyewe, huku mafundi wa mradi wakiwapa michoro, vifaa na ushauri. Zaidi ya nyumba 90,000 ziliunganishwa kwa njia hiyo. Hawakuwa matajiri.

Fedha zitakwenda wapi? Wengi hudhani ni kwenye mabomba. La, sehemu kubwa ni kuchimba, kulinda mtaro na kurudisha barabara. Kuna sehemu mbili ambazo kamati haitakubali kubana matumizi. Ya kwanza ni kuegemeza kuta za mtaro. Mita moja ya ujazo ya udongo huzidi tani moja na nusu, na ukuta ukiporomoka fundi hana muda wa kukimbia. Ya pili ni kufukia: bomba lilale juu ya mchanga au kokoto ndogo, kisha udongo urudishwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Wakandarasi wenye haraka huurudisha wote kwa mkupuo, na baada ya misimu michache barabara inadidimia. Kabla ya kufukia, kila kipande kati ya chemba mbili (mashimo ya kukagulia bomba) kitajazwa maji na kupimwa kama kinavuja. Mkazi yeyote anaruhusiwa kuja kushuhudia.

Kiasi cha kila kaya kimo katika karatasi ya makadirio mtakayoletewa nyumbani, na kinaweza kulipwa kwa mafungu. Wapangaji, zungumzeni na wenye nyumba wenu mapema. Asiye na fedha kwa sasa asijitenge: tunahitaji watu wa kubeba kokoto, kulinda vifaa usiku na kuongoza magari njia zikifungwa. Kila mchango utapewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa hadharani kila kipande kikikamilika, kabla ya fedha za kipande kinachofuata kutolewa.

Sharti ni moja kwa atakayeunganishwa: maji ya mvua ya paa na ua yasiingizwe humu. Mvua moja kubwa hulijaza bomba na kurudisha majitaka ndani ya nyumba za chini.

Tafadhali rudisheni fomu za ahadi kwa mjumbe wa njia yenu hata kama hamjawa tayari kulipa. Mhandisi atapanga kipenyo cha bomba la chini kwa idadi ya nyumba zilizojiandikisha, na likishafukiwa hatutaweza kulipanua.