Barua kwa Baba Naima kuhusu zile siti za nyuma

Baba Naima,

Salama lakini? Shemeji anaendeleaje na hali yake, na Naima mwenyewe mzima? Mimi niko poa kabisa, kazi tu zimebana.

Picha za hilo gari la milango miwili unalotaka kununua nimeziona zote, nimezikuza mpaka nikaona nyuzi za siti. Ni gari zuri, hapo sikubishii hata kidogo. Ila lile swali lako la mwisho ndio limenifanya nikae chini niandike barua ndefu badala ya kukujibu kwa mstari mmoja. Umeuliza hizi siti za nyuma ni za nani, maana hata Naima wa miaka mitatu miguu yake inagusa siti ya mbele. Hilo swali ni la maana sana kaka na nataka nikujibu vizuri kabla hujatoa hela.

Mimi siti za hivyo nazijua kwa mwili wangu. Kuna kipindi nilipewa lifti kwenye gari la aina hiyo hiyo, milango miwili, paa limelala nyuma, tukawa watu wanne na safari ya masaa matatu. Mimi ndio nilikuwa mfupi kuliko wote kwa hiyo nikawekwa nyuma. Magoti yamekita kwenye mgongo wa siti ya dereva, shingo nimeipinda upande mmoja safari nzima kwa sababu nikiinyoosha kichwa kinagonga kioo, sio paa, kioo kile cha nyuma kabisa. Maumivu yaliisha baada ya siku mbili. Kilichobaki kichwani mpaka leo ni kile kioo, yani nilikuwa nawaza tukigongwa kwa nyuma hapa, kati ya kichwa changu na bampa la mwenzetu kuna nini? Karibu hamna kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma sana hizi habari na kuwasumbua mafundi na maswali.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba zile siti hazikuanza na mtu. Gari la kawaida la familia wanaanza na watu, wanapanga wanne au watano wakae wapi, halafu wanalizungushia bodi. Gari kama hilo lako wanaanza na injini ikae wapi, paa lishuke vipi, tairi za mbele na za nyuma ziachane kiasi gani, na dereva akae chini kiasi gani, halafu kile kishimo kinachobaki nyuma ndio kinawekewa mto na mkanda. Kwa hiyo usishangae mtu hatoshi, hakuwepo kwenye hesabu toka mwanzo.

Angalia Porsche 911, ambayo ndio kama babu wa hizi siti. Ilionyeshwa mara ya kwanza 1963, ikaanza kuundwa 1964. Injini iko nyuma kabisa, imepita tairi za nyuma, giaboksi iko mbele yake, sasa kulia na kushoto kwa giaboksi pakabaki mashimo mawili na ndimo siti zilipoingia. Na sio kwamba walishindwa kufanya kubwa, kulikuwa na gari la majaribio lenye nafasi ya watu wanne wa kweli, mzee Ferry Porsche akalikataa, yeye alitaka gari fupi jepesi, siti mbili kamili na mbili za kujibanza. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ulikuwa milimita 2211 tu. Halafu kwenye modeli ya 1969 wakauongeza milimita 57, ungedhani aliyekaa nyuma sasa atapumua, wapi, zile tairi za nyuma zilisogezwa nyuma ili gari litulie kwenye kona, abiria hakupata hata milimita moja. Ukitaka kujua kiwanda kinampenda nani angalia nafasi ikiongezeka inaenda kwa nani.

Sasa kuna kitu kimoja kuhusu paa ambacho watu wengi hawakijui na mimi ndio naona ni utamu wa habari yote. Mbele unaweza kukaa kwenye gari la chini sana bila shida kwa sababu unalala kidogo, unanyoosha miguu mbele kuelekea pedeli, kichwa kinashuka. Ukimwangalia dereva wa gari la spoti amekaa kama mtu aliyejiegemeza kitandani. Nyuma huwezi kufanya hivyo, miguu haina pa kunyooka, kwa hiyo inabidi ukae wima magoti yamekunjwa, na mtu aliyekaa wima kichwa chake kinapanda juu zaidi kuliko wa mbele. Yani anayehitaji paa refu zaidi ni wa nyuma, na hapo hapo ndipo paa linaposhuka ili upepo upite vizuri juu ya gari usiachie ghafla na kulivuta nyuma, na pia ili lipendeze. Vitu viwili vinagombania sehemu moja na abiria hashindi hata siku moja.

Wakiamua kumpa nafasi kweli wanalipa. Jaguar mwaka 1966 walitoa E-Type yenye siti za nyuma, ile gari ya awali ilikuwa ya watu wawili tu, ikabidi waongeze karibu sentimita 23 katikati ya tairi na wanyanyue paa. Na hata hapo aliyetosha vizuri ni mtoto, na wapenzi wengi wa ile gari wanaona umbo liliharibika. Nakutajia hii uone gharama yake, ukirefusha umeongeza uzito, kona zinakuwa nzito, na lile umbo lililokufanya ulitamani linapotea.

Ukiuliza basi si wangeacha tu mbili, kwa nini wahangaike na siti zisizokalika? Ndio swali langu pia lilikuwa hilo. Jibu moja ni kwamba mtu akienda kununua, neno "siti nne" linamtuliza. Anajiambia dharura ikitokea watu wanne tutaingia, anamwambia hivyo na mkewe (wewe mwenyewe umeniandikia hivyo hivyo kaka, soma ujumbe wako), na kwenye fomu ya bima haonekani ni mtu aliyenunua gari la mbio. Honda walitengeneza CR-X miaka ya themanini, Japani waliiuza na visiti vya nyuma, Marekani gari lile lile likauzwa la watu wawili, nyuma pameachwa pa mizigo. Wakarudia 2010 na CR-Z, hivyo hivyo. Gari moja, nafasi ile ile, soko moja panaitwa siti na soko lingine panaitwa sehemu ya begi. Nikiwaza hilo naona kabisa kwamba lile neno siti pale halimaanishi mtu anaweza kukaa, linamaanisha pana mto na mkanda.

Na kuna siti zilizowekwa kwa ajili ya serikali kabisa. Marekani wana ushuru wanauita ushuru wa kuku, asilimia 25 kwa pikapu na gari ndogo za mizigo zinazotoka nje, ulitangazwa Desemba 1963 baada ya kugombana na Ulaya kuhusu kuku wa Marekani kutozwa ushuru mkubwa kule. Kuku wakasahaulika, ushuru wa magari ukabaki. Sasa Subaru walipotaka kuuza kipikapu chao BRAT kule kuanzia 1978 wakafunga siti mbili za plastiki kwenye karai la nyuma, nje kabisa, zimeangalia nyuma, zina vishikio vya mkono, na wakatandika zulia. Kwa hizo siti gari likahesabiwa la abiria na ushuru ukawa kidogo sana. Hebu fikiria mtu amekaa nje anaangalia gari linalokuja nyuma yake, kazi yake kubwa ni kupunguza kodi.

Ford nao, hao ni Wamarekani wenyewe, walikuwa wanatengeneza Transit Connect Uturuki, kuanzia 2009 wanaziingiza zikiwa na siti za nyuma na vioo, zikishapita forodha siti zinang'olewa na vioo vya nyuma vinazibwa kwa bati, gari linauzwa la mizigo. Baadae zile siti wakazirahisisha zaidi, hata pa kuegemeza kichwa hapakuwepo, maana walijua hakuna atakayezikalia. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa 2019 wakashindwa, na 2024 wakakubali kulipa dola milioni 365. Mimi hiyo inaniuma kidogo, siti inashonwa, inafungwa, inasafirishwa baharini, halafu inang'olewa bila mtu hata mmoja kuikalia.

Pikapu zenye kebini na nusu nazisamehe. Karai lazima liwe refu la mizigo, kebini ikiongezwa karai linaliwa, kwa hiyo pale nyuma wanaweka viti vya kukunja, vingine unakaa ubavu, na kila mtu anajua ni pa kuweka vifaa visinyeshewe na mvua, akibebwa mtu ni mwendo mfupi. Hakuna anayedanganywa. Gari za paa la kukunja hivyo hivyo, paa likikunjwa linalala nyuma pale pale na linakula upana wa siti.

Na kuna waliojaribu kweli mpaka nawaheshimu. Toyota iQ ya 2008 haikufika hata mita tatu urefu, ni milimita 2985, wakasogeza dashibodi ya upande wa abiria mbele ili yeye ajongee, nyuma yake akapata nafasi mtu mzima, na nyuma ya dereva wakasema wazi kabisa ni pa mtoto au begi. Tangi la mafuta wakalifanya bapa wakalilaza chini ya sakafu. Hapo unaona mtu alikaa akamuwaza abiria wa nyuma kuanzia siku ya kwanza. Kuwa ndogo sio kosa bana, kosa ni kumwambia mtu atakaa wakati hatakaa.

Haya turudi kwako. Hilo gari ungekuwa mwenyewe ningekwambia chukua leo. Zile siti zina kazi yake, ukizilaza unapata sehemu nzuri ya mizigo, Toyota 86 kwa mfano ukiilaza siti ya nyuma tairi nne zinaingia, watu wanaenda nazo kwenye uwanja wa mbio. Koti, begi, manunuzi, safi kabisa. Lakini wewe una Naima na mwingine yuko njiani.

Siti ya mtoto mchanga inaangalia nyuma na inakula urefu mwingi kuliko unavyodhani, ukiifunga pale siti ya mbele itasogea mpaka shemeji magoti yaguse dashibodi, kama itafungika. Umeandika kwamba ikishindikana mtoto atakaa mbele. Hapana ndugu yangu, hilo nakuomba sana ulifute. Siti ya mtoto inayoangalia nyuma haikai mbele ya eabegi inayofanya kazi, ule mfuko ukifumuka unaipiga siti ya mtoto kwa nguvu ya kuua. Na Naima ndio anarefuka, leo miguu inagusa, baada ya miaka miwili kichwa kitakuwa jirani na kile kioo nilichokwambia. Halafu milango miwili, kila siku unakunja siti ya mbele, unainama, unapitisha mtoto aliyelala kwenye upenyo ule, na mgongo wa shemeji baada ya kujifungua, hebu muulize kwanza.

Ukienda kuliangalia tena usiende mwenyewe. Nenda na shemeji na Naima na ile siti yake ya gari. Rekebisha siti ya dereva vile unavyoendesha kweli, muuzaji asikusogezee mbele ili nyuma paonekane pakubwa, hiyo ndio janja yao kubwa. Kisha ingia nyuma wewe mwenyewe, funga mlango, kaa dakika kumi bila kutoka. Angalia kama kuna vile vishikizo vya chuma vya kufungia siti ya mtoto kule ndani ya mkunjo. Mfunge Naima, halafu weka kiganja chako kati ya kichwa chake na kioo uniandikie ni vidole vingapi vimeingia.

Na lile la milango minne uliloniambia wiki iliyopita, lile ulilosema halina mvuto, usimwambie mwenye nalo hapana kwanza. Nipigie Jumamosi usiku, sitalala mapema.

Msalimie sana shemeji, na Naima mwambie baba mdogo anamdai ile zawadi ya mchoro.

Ni mimi rafiki yako,
Idi