Mama zetu wa vijijini nao waandikwe

Kwa Mhariri,

Kurasa za tanzia magazetini hujaa wenye vyeo. Naomba nafasi ndogo nimtaje mama yangu, tuliyemzika majuzi kijijini kwetu Kwale.

Kabla elimu ya msingi haijawa bure mwaka 2003, karo yetu ilitoka kwenye makuti. Usiku, kwa mwanga wa koroboi, alikuwa akikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona moja moja, mpaka vidole vikaota sugu. Asubuhi mnunuzi anakuja, anataja bei yake, na Mama anapokea kwa sababu shule haingoji. Wageni wanaopumzika chini ya mapaa ya makuti kule Diani hawajui kazi ile, wala bei ile.

Na hakuwa mama yetu peke yetu. Jirani akiugua usiku, mlango wa kwanza kubishwa ni wake.

Mhariri, watumeni waandishi vijijini wawahoji kina mama hawa wangali hai, majina na sura zao zichapishwe wajisomee wenyewe. Mola amrehemu Mama.

Mwanawe,
Likoni, Mombasa