Mkitandika pevingi, bakizeni nafasi ya waridi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita kwamba maua ni ya wenye viwanja vikubwa na kijana wa kumwagilia, na kwamba sisi wa nyumba za kupanga tutandike pevingi ua mzima tuachane na matope. Matope nayajua. Naishi Sakina hapa Arusha, na masika yakishaanza mwezi wa tatu hata ndala zinabaki njiani. Lakini uani kwangu, kati ya ngazi ya jikoni na tangi la maji, kuna kipande cha udongo kisichozidi mita moja kwa mita moja, na hapo limesimama waridi la rangi ya chungwa ambalo leo asubuhi nimelihesabia maua kumi na tisa. Kimo chake hakijafika magotini kwangu.

Nieleze kwanza nilikotoka. Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Usa River, katika chumba cha kupangia maua. Mbele yangu kulikuwa na ubao wenye mistari: 40, 50, 60, 70. Unalilaza waridi, unasoma shina limeishia sentimita ngapi, unaliweka na wenzake. Lisilofika 40 lilikwenda pipani, hata kama kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko vyote vya siku hiyo. Basi akilini mwangu waridi zuri likawa ni waridi refu.

Nilipoacha kazi nikanunua miche miwili ya aina hiyo nikaipanda nyumbani. Ilirefuka hadi kwenye kamba ya nguo, miiba ikanichania khanga mbili, majani yakaingia madoa meusi na kupukutika toka chini kwenda juu. Masika mawili tu, yote ikafa. Nilijilaumu sana, mimi niliyeshika mawaridi maelfu kwa siku! Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule shambani waridi lilikuwa limeezekewa nailoni, maji yanalifikia kwa mpira chini ya shina, na wapo watu wa kupiga dawa. Mimi nilikuwa na ndoo na kopo. Kosa lilikuwa kwenye uchaguzi.

Mara ya pili nilikwenda kitalu cha kando ya barabara na swali moja: linakwenda urefu gani? Kijana akanionyesha mche uliosukumwa nyuma ya mifuko mingine. “Hilo mama ni kibeti, halikui. Watu hawalitaki.” Nikalipa shilingi elfu tano. Huu ni mwaka wa sita tuko nalo.

Rangi yake niisemeje? Mimi ni mtu wa Tanga, na machungwa ya Muheza yanaiva ganda likiwa bado la kijani, kwa hiyo nikisema rangi ya chungwa mtu wa kwetu anaweza asinielewe. Ni rangi ya embe dodo lililoiva, pale karibu na kokwa. Tumba likianza kupasuka linakuwa limekoza, karibu na wekundu. Siku ya pili linafunguka, katikati panaonekana unjano. Siku ya tatu kingo za petali zinageuka rangi ya pinki iliyopauka, halafu petali zinaanguka zenyewe, hazing’ang’anii shinani zikaoza. Kwa hiyo kichaka kimoja kinakuwa na rangi tatu kwa wakati mmoja.

Upungufu wake nao niuseme: halinukii, labda kidogo sana ukiingiza pua kabisa. Marehemu mama yangu, aliyesuka vikuba vya asumini, mrehani na waridi, asingelihesabu kuwa waridi. Anayetaka harufu atafute jingine. Mimi nilitaka macho yangu yapate kitu nikifungua mlango wa jikoni.

Bwana shamba wetu wa zamani alipenda kutuhadithia wakati wa chai asili ya maua tuliyoyashika, na hadithi ya mawaridi madogo sikuisahau. Katika kijiji cha Mauborget kule Uswisi watu walikuwa wakiotesha waridi kibeti ndani ya vyungu madirishani. Henri Correvon, mkulima wa maua, aliliandika mwaka 1922 kwa jina la Rouletii, kumkumbuka Roulet aliyemwonyesha. Baadaye Jan de Vink wa Boskoop, Uholanzi, akalichavusha na Gloria Mundi, waridi jekundu la kuelekea chungwa lililotoka 1929. Mtoto wa ndoa hiyo alitoka mwekundu, na Wamarekani wakamwita Tom Thumb, lakini damu ya uchungwa ilikuwa imekwishaingia katika ukoo wa vibeti. Mwaka 1965 Wafaransa wa ukoo wa Meilland walitoa Starina, dogo lenye rangi ya chungwa iliyokolea. Ndiyo maana nakataa kauli kwamba waridi ni la wenye eka. Babu wa mawaridi haya aliishi dirishani.

Sasa matunzo, na hapa msomaji yule naomba anisikilize vizuri. Linataka jua, saa sita kwa siku si chini. Nimeliweka upande unaopata jua la asubuhi, kwa sababu huku kwetu chini ya Meru umande ni mwingi na jua la mapema linakausha majani. Hilo ni jambo kubwa kuliko dawa yoyote. Madoa meusi ni ukungu, na mbegu za ukungu ule zinahitaji jani likae na maji kama saa saba mfululizo ndipo ziote. Ukimwagilia jioni kwa kurusha maji juu ya majani, umeupa ukungu usiku kucha. Mimi namwaga kopo mbili asubuhi, chini kwenye shina, mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi. Masika simwagi kitu; naokota tu majani yenye madoa kabla hayajarundikana chini, nayachoma. Madoa yanakuja kila mwaka, siwezi kudanganya, ila linayatupa majani hayo na kuchipua mengine bila mimi kununua chupa ya dawa.

Wadudu mafuta, wale wadogo wanaofyonza utomvu, wanapenda vichipukizi vya mwanzo. Nilikuwa nawaua kwa maji ya sabuni, siku hizi nawapangusa kwa vidole na kuwaachia wengine wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa mgongoni, ambao chakula chao ndicho hicho.

Samadi ndoo ndogo mara mbili kwa mwaka, iliyooza kabisa mpaka haina harufu. Mbichi inaunguza mizizi, na jirani yangu alipoteza mche wake kwa njia hiyo. Ua likinyauka nakata kwa mkasi wa jikoni juu ya jani la kwanza lenye afya, na baada ya wiki sita hadi nane shina lile linarudi na matumba. Mwezi wa nane, baridi ikishapungua, nalipunguza theluthi moja. Ukijumlisha yote haifiki nusu saa kwa wiki, muda wa kuchambua mchele.

Niwaombe na wenye vitalu. Mnatuuzia mche ukiwa na ua moja kichwani, hamtuambii utafika wapi. Andikeni urefu tu kwa kalamu juu ya mfuko. Mtu mwenye ua wa hatua nne akiuziwa la mita mbili litamshinda, ataling’oa, na atawaambia majirani waridi ni gumu.

Na hayo ya pevingi. Mwenye nyumba wangu alipoleta fundi, nilimwomba aruke eneo dogo pale karibu na tangi. Fundi alizungusha ukingo wa saruji, akaacha tundu mbili upande wa juu ili maji ya mvua yaingie na kuzama badala ya kukimbilia mlangoni kwangu. Haikuongeza gharama, matofali yalibaki. Mvua za masika zilizopita chumba cha jirani kiliingia maji, changu hakikuingia.

Miche nimeanza kuizalisha. Nakata kijiti cha urefu wa kidole toka kwenye shina lililomaliza kutoa ua, nakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, nafunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, naweka kivulini. Wiki tatu au nne ukikivuta taratibu unakisikia kimeshika. Saba vimeshika, viko kwenye makopo ya maziwa pale ngazini. Mmoja ni wa mwenye nyumba, ameshauulizia mara mbili. Msomaji wa juma lililopita, kama uko Arusha, mmoja nimekuwekea.

Mama wa Sakina,
Arusha