Simu tuliifungua, 4G hatukuiahidi

Wiki hii peke yake tumesikia neno lilelile kutoka vinywa vitatu: “Mulinidekodia simu, mbona haishike?” Yaani, mlinifungulia simu iliyofungwa na kampuni ya ng'ambo, mbona haishiki mtandao? Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, muuza vitenge, na yeye hakulisema polepole. Alisimama mlangoni pa karakana yetu ya simu saa ya watu wengi, akainua simu juu kama mtu anayeonyesha samaki aliyeoza, akaiambia foleni nzima kwamba tumemkulia dola zake 20. Watu wawili waliokuwa wakingoja wakachukua simu zao wakaenda. Ndiyo maana ninaandika. Kumweleza mtu mmoja mmoja huku jenereta inanguruma kumenichosha koo.

Simu ya mama yule tuliifungua kweli. Kaka yake aliye Texas ndiye aliyemtumia. Aliinunua kwa kampuni ya simu ya huko, zile za bei nafuu zinazouzwa pamoja na SIM ya kulipia kabla, na nembo ya kampuni inajitokeza kila ukiiwasha. Siku aliyoileta, ukiweka SIM ya hapa inadai kode. Tukaitafuta kode, tukaiingiza, SIM ikapokelewa. Mama akampigia binti yake palepale, akacheka, akalipa. Kufika nyumbani akafungua WhatsApp, na juu ya kioo, kando ya vijiti vya rezo (mtandao), akaona herufi E, ile intaneti ya polepole ya 2G. Siyo 4G, siyo hata H ya 3G. Picha moja ya kitenge inaanza kupanda asubuhi, bukari (ugali) inaiva bado haijafika kwa mteja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kufuli ya simu ni amri tu iliyoandikwa ndani ya programu. Kampuni imekuuzia simu kwa bei ya chini, au kwa mkopo, kwa hiyo imeiambia ikatae SIM ya kampuni nyingine. Kode inaondoa amri hiyo, basi. Redio iliyo ndani ya simu inabaki ileile iliyotoka kiwandani. Mzee wangu alikuwa na redio ya masafa mafupi pekee. Ungeipeleka kwa mafundi wote wa Lubumbashi, hakuna ambaye angeitoa FM ndani yake.

Marekani, kampuni za simu zimejenga 4G yao zaidi kwenye masafa ya megahezi 700, 850, 1700 na 1900. Upande wetu wa dunia, Afrika kama Ulaya, 2G inakaa kwenye 900 na 1800, 3G kwenye 900 na 2100, na 4G inaegemea 800, 1800 na 2600. Simu ya bei kubwa hutengenezwa na masikio ya pande zote, ndiyo maana shemeji yako analeta Galaxy ya dola 700 kutoka Atlanta na inakimbia hapa bila neno. Simu ya dola 50 iliyotengenezwa kwa kampuni moja ya kule imepewa masikio ya kule tu, na hapa inaokota 2G kwa bahati. Zote mbili “zimefunguliwa”. Zote mbili muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake.

Je, tulimwambia mama wa Katuba kabla hajalipa? Kijana wangu anasema alimwambia. Mimi najua saa ile alikuwa anakula mikate, kwa hiyo siapi. Tangu siku hiyo namba ya modeli na aina ya rezo vinaandikwa kwenye fakitire, ile karatasi ya malipo, mteja anasaini, na asiyetaka kusaini hatuishiki simu yake.

Kutoka hapo ndiyo imekuja ile dola 2 ya kupima ambayo wengi wanailalamikia. “Kuangalia tu ni dola 2?” Ndiyo, papa, kuangalia tu. Tunapiga *#06# na kuandika IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15 ambazo wengi wetu tulizifahamu mwaka 2020 ile kodi ya RAM, ya serikali ya kusajili simu, ilipoanza kula iniite (salio la simu), mpaka ilipofutwa 2022. Tunalinganisha IMEI ya kwenye kioo na ile ya kwenye kibebea SIM au mgongoni. Zikitofautiana tunasimama hapo hapo. Kisha tunasoma modeli, na hatusomi jina la biashara. “Galaxy S9” haitoshi: SM-G960F ni ya soko la dunia, SM-G960U ni ya kampuni za Marekani, U1 ni ya Marekani iliyouzwa bila kampuni. Kisha tunaingiza SIM tatu za mitandao tofauti, moja moja, na kila mara tunazima simu na kuiwasha. Tunaenda kwenye kutafuta mitandao kwa mkono na kuihesabu. Hapa mjini Vodacom, Airtel na Orange lazima zitokee. Ikitokea moja peke yake, ujue kuna jambo. Tunapiga simu, dakika mbili siyo sekunde mbili. Tunafungua intaneti bila wifi. Tunawasha hotspoti, yaani simu igawie nyingine intaneti. Hiyo ni nusu saa ya mtu aliyesomea kazi, na SIM tatu zenye mega za kulipia. Komisionere, yule dalali wa simu, anakupimia bure, kwa SIM yake mwenyewe, iliyochaguliwa kwa sababu inashika.

Na hiyo hotspoti, tusiiruke. Simu nyingi zenye nembo ya Marekani, hata zilizofunguliwa, ukiwasha hotspoti zinakwenda kwanza kuuliza kampuni yao ya zamani kama umelipia huduma hiyo. Kampuni iko ng'ambo ya bahari, haikujui, jibu ni hapana. Wakati mwingine tunaongeza neno “dun” kwenye mstari wa aina ya APN, pale mipangilio ya intaneti ya SIM inapoandikwa, na inakubali. Wakati mwingine haisikii. Ikikubali tunachukua faranga 3000, isipokubali hatuchukui kitu.

Wengine wanafika na iPhone wakitaka kode. iPhone haina kode ya kuandika. Kufuli yake iko kwenye seva za Apple, na anayeweza kuiondoa ni kampuni iliyoifunga. Sisi tunapeleka ombi kupitia watu wa katikati, wanataka malipo kwanza, na ombi likikataliwa si wote wanaorudisha. Ndiyo maana bei yangu inapanda kutoka dola 15 hadi 60 na zaidi kulingana na kampuni, na ndiyo maana sikupi bei kwa simu kabla ya kuona IMEI. Mnasema tunabahatisha. Tungekuwa tunabahatisha tungesema bei moja kwa wote na kuomba Mungu.

Lakini kabla ya kunipa mimi makuta, mpigie ndugu yako aliyeinunua. Hapa najikata mkate mwenyewe, sawa. Marekani iko sheria tangu 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua. Kampuni zinataka iwe imelipwa yote na imetumika kwao kwa muda fulani. Ufaransa, baada ya miezi 3 kampuni inafungua bila malipo ukiomba. Canada, tangu Desemba 2017 simu mpya zinauzwa zikiwa wazi, na za zamani wanazifungua bure. Uingereza waliacha kuuza zilizofungwa tangu Desemba 2021. Kwa hiyo mtu akikuletea simu mpya ya London na kukudai dola 30 “za dekodaje”, mwulize vizuri amefungua nini.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote ni R-SIM. Ni kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu, chenye chipu, kinachobandikwa juu ya SIM ili kuidanganya iPhone kwamba bado iko kwenye kampuni yake. Kwa macho, simu imefunguliwa: rezo ipo, jina la mtandao lipo. Mwaka jana alikuja mwanafunzi wa Kasapa aliyenunua iPhone ya namna hiyo mjini. Alifurahi kwamba ameokoa dola 40 kwa kutonunua iliyo wazi. Hakuambiwa habari ya ngozi. Usiku simu ikajisasisha yenyewe, asubuhi ikaandika kwamba SIM haikubaliki. Akavuta kibebea kwa nguvu. Kile kipande kikajikunja na kubaki ndani, akakichokonoa kwa pini ya nywele ya dada yake.

Tulipoifungua na kuiweka chini ya lenzi, ngozi ilikuwa imekunjwa mara mbili na kushikamana na meno ya kupokea SIM. Meno mawili yameinuka kama majani yaliyopitiwa na mbuzi, la tatu halipo kabisa. Nyumba ya SIM iko imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha kwa bisibisi. Nilifunika chipu za jirani kwa utepe wa joto, nikapuliza hewa moto polepole mpaka risasi ikalainika, nikaitoa, nikasafisha, nikaweka nyingine. Saa mbili, mgongo umeinama, umeme ukakatika katikati na mimi nimeshika hewa moto mkononi, kijana akakimbilia jenereta. Alilipa dola 35. Na simu ikawa bado imefungwa, maana kufuli hatukuigusa. Tukapeleka ombi, kampuni ya kule ikajibu kwamba simu ina deni. Sasa anasikilizia muziki.

Mwingine alikuwa papa wa Ruashi, dereva wa Kasumbalesa. Galaxy yake ilikuwa inashika vizuri tu, hata akivuka upande wa Zambia. Kilichomkera ni nembo ya Marekani wakati wa kuwaka na zile programu za kampuni zisizofutika. Kijana wa barabarani akamwambia, faranga 10,000, naifanya ya kawaida. Akapakia programu ya G960F kwenye G960U. Herufi moja, utasema. Lakini F ina chipu ya Exynos, U ina Snapdragon. Ni mapacha wa sura, ubongo haufanani. Simu ikagoma. Akajaribu nyingine, na nyingine, na ya mwisho ikafuta kila kitu. Papa alituletea ikiwa kwenye kioo cha buluu, wala hakuuliza habari ya simu. Aliuliza picha za matanga ya baba yake. Hazikuwa mahali pengine popote.

Nembo inaondoka, ndiyo. Kwa Galaxy za U, ile programu ya U1 inakaa vizuri kwa sababu mwili ni mmoja. Ila inafuta kumbukumbu, haiondoi kufuli, na ukiweka toleo la chini kuliko lililomo simu inakataa. Kwa hiyo sisi siku ya kwanza tunanakili picha, namba na WhatsApp, tunafungua faili chache mbele yako uone ziko hai, na siku ya pili ndiyo tunagusa programu. Mnaita hiyo ucheleweshaji. Papa wa Ruashi haiiti hivyo.

Neno dogo kuhusu iPhone 14 na zinazofuata zilizouzwa Marekani: hazina tundu la SIM. Hazikuvunjika, ziliundwa hivyo tangu 2022, ni eSIM tu, SIM isiyo na kadi, inayopakiwa ndani ya simu. Nenda kwanza kwenye ofisi ya mtandao wako uulize kama watakupa eSIM, ndipo ulipe. Mzee mmoja, mtu mzima wa heshima, alilitafuta tundu hilo kwa sindano mpaka akalipata. Lilikuwa la maikrofoni.

Na za Japani na Korea: zimefunguliwa au hazikufunguliwa, nyingi zinapiga kelele kila ukipiga picha na sauti haizimiki. Ni desturi ya soko la huko. Usiniletee baada ya harusi.

Simu yenye akaunti ya mtu mwingine hatuigusi. Kubadilisha IMEI hatufanyi, hata ukiniita yaya (kaka mkubwa), hata ukiongeza dola.

Mama wa Katuba nilimrudishia dola 5, si kwa sababu nilikosea ila kwa sababu ya foleni. Nikamwandikia kwenye karatasi modeli ambayo kaka yake angetakiwa kununua, namba yote mpaka herufi ya mwisho. Jumamosi alirudi na dada yake, wakiwa na picha ya simu nyingine kwenye WhatsApp, bado haijalipwa, muuzaji anangoja jibu. Nikasoma namba, nikasema hapana. Dada akatoa dola 2 bila kelele. Mama akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, azihesabu vizuri, maana huyu fundi ndiye aliyekula 4G yake.