Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi kuhusu Ziara ya Mikoko na Matumbawe, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi, shikamoo.

Sisi wanachama wa Klabu ya Mazingira tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Historia ya klabu tunaiacha kwa leo, maana tuna hamu ya kukueleza tuliyoyaona baharini.

Tarehe ya ziara aliichagua nahodha, siyo ratiba ya shule. Alitaka maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, kwani wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa mno, maji hukimbia na kuvurugika, huoni hata mkono wako.

Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tuliingia kwenye mikoko ya Tongoni, tope hadi magotini. Mwalimu alitufundisha kuitambua miti kwa mizizi yake: mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mchu huchomoza vijiti kwenye tope ili upate hewa. Tuliona mbegu za mkoko zilizokwisha kuota zikiwa bado mtini. Zikidondoka maji yakiwa madogo, hujichoma kwenye tope na kushika hapohapo. Tuliona pia visiki vya juzijuzi, vyekundu, alama za shoka zikiwa wazi. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, lakini boriti za mikoko zinapita mchana kweupe.

Maji yalipojaa, mashua ilitupeleka kwenye miamba iliyo karibu na Kisiwa cha Yambe. Miwani ilikuwa 9 na sisi 32, hivyo wanaojua kuogelea tulizamia kwa zamu. Ukitulia na kichwa chako majini, unawasikia samaki waitwao pono wakiguguna mwamba kwa meno. Kitatange walitupita bila wasiwasi. Changu walikuwa wengi, na hapo ndipo tulipoelewa ubaya wa vile visiki: baadhi ya samaki wa mwambani, changu wakiwamo, hulelewa mizizini mwa mikoko kabla ya kuhamia kwenye matumbawe. Anayekata boriti Tongoni anamkatia mvuvi wa Yambe kitoweo.

Mbele kidogo tulikuta shimo lililoachwa na uvuvi wa baruti: kifusi kitupu, samaki hakuna. Tumbawe ni mnyama, na mengi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mlipuko wa sekunde moja unabaki kuonekana hata baada ya aliyeutega kuzeeka.

Ndugu Mgeni Rasmi, Tanga tunajivunia silikanti, yule samaki wa kale, na tangu mwaka 2009 tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Ni haki yake. Ila huyo anaishi kwenye vina ambavyo hakuna mwenye miwani atakayevifikia. Tunaowala kila siku wako hapa juu, nao hawasifiwi na mtu.

Tunakuomba mambo mawili. Kwanza, miwani na mirija ya kupumulia. Pili, na hili ndilo zito, mwalimu wa kuogelea. Wenzetu wengi, hasa wasichana, walibaki ndani ya mashua wakisimuliwa. Ni watoto wa pwani, wanalala wakisikia mawimbi, na hawajui kuogelea.

Ukipata nafasi kwenye vikao vyako, utusemee pia suala la boriti. Na ziara ijayo tukialika, njoo na nguo ya kubadilisha.

Tunaomba kuwasilisha.