Niliandika wasifu wa mama, wakanitoa kwenye watoto wake

Shikamoo Shangazi,

Ni saa nane usiku na usingizi umekataa. Mume wangu amechoka kunisikiliza, ndiyo maana nakuandikia wewe. Misiba yetu ya mjini unaijua, kwa hiyo sitakueleza kamati inakaaje wala nani anashika daftari la michango.

Mama tumemzika Kinondoni. Arobaini ni wiki ijayo, na wamenipigia simu tena wanataka niandae kijitabu cha ibada. "Chukua kile kile, badilisha jalada na tarehe tu." Kile kile, Shangazi! Kile kilichoandikwa kwamba marehemu ameacha watoto wanne.

Mimi niliandika watano.

Kazi ile niliifanya mwenyewe tangu mwanzo. Watu wanadhani ni kufungua kompyuta na kubandika picha. Vile vijitabu ni karatasi za A4 zinazokunjwa katikati, kwa hiyo kurasa lazima ziende nne nne. Ukiwa na maneno ya kurasa tisa, ama upunguze moja ama utafute za kujaza tatu. Nilipunguza zikabaki nane, na kila sentensi niliyoitoa iliniuma. Picha walizonitumia kwa WhatsApp zilikuwa zimepungua ubora, ukizikuza uso wa mama unakuwa ukungu mtupu. Nikaenda kutoa zile zenyewe kwenye albamu, kabatini kwake, nikazipiga skani. Jalada nikamwekea picha ya siku aliyostaafu, 2017, amevaa kitenge cha zambarau, kwa sababu ndiyo picha pekee anayocheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Neno la Timotheo, "mwendo nimeumaliza", nililikuta kwenye Biblia yake amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Niliandika alivyozaliwa Usangi, alivyoingia ualimu mwaka 1977 wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa kila mtoto, anafundisha watoto huku mwenyewe anajifunza kufundisha. Nani mwingine pale nyumbani angeyaandika hayo? Kaka mkubwa alikuwa hata mwaka wa kuzaliwa mama haujui.

Na ratiba ni mimi. Saa ya kuchukua mwili hospitali, kuaga nyumbani Tabata, saa ya kanisani, saa ya makaburini, mpaka nani aanze kuweka shada. Nilipomaliza nikaituma kwenye kundi la kamati ili wote waisome, maana jina likikosewa kwenye karatasi ya msiba halisahihishiki tena, watu wanaondoka nayo majumbani. Wakajibu amina, kazi nzuri, Mungu akubariki. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, hakujibu kitu. Kumbe usiku alimpigia kijana wa uchapaji Kariakoo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa, kijana akabadilisha alivyoambiwa. Simlaumu yule kijana.

Asubuhi maboksi yalifunguliwa chini ya turubai, mimi nikiwa nagawa chai. Watoto wanne. Wajukuu nao, ambao niliwaandika kumi na mmoja, wamekuwa tisa, maana wangu wawili hawamo. Binti yangu yuko darasa la nne, anasoma vizuri tu. Aliyafuata majina kwa kidole mpaka mwisho, akarudia tena toka juu, halafu akaniangalia. Na ile picha yetu ya Krismasi, tumesimama mbele ya nyumba na mama, waliikata pembeni nilipokuwa nimesimama mimi. Wameikata vibaya. Mkono wangu umebaki begani kwa mdogo wangu, mkono peke yake, hauna mtu.

Makaburini msema chochote alisoma kama kilivyoandikwa. "Watoto wa marehemu, karibuni muweke shada." Wakaenda wanne. Mdogo wetu wa mwisho aligeuka kunitafuta kwa macho, kisha akaenda. Mimi nikaitwa kwenye kundi la ndugu, jamaa na majirani. Majirani, Shangazi!

Ni kweli mama hakunizaa. Sijawahi kulificha. Aliyenizaa alikuwa mwalimu mwenzake, wakaishi nyumba moja ya kupanga. Mwaka 1996 alikwenda Bukoba kwa wazazi wake, akaniacha kwa mama kwa wiki chache, nikiwa na miaka minne. Wakati wa kurudi akapanda MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei, wewe mwenyewe unakumbuka nchi ilivyolia siku zile. Hakupatikana. Wapo waliozikwa Igoma kule Mwanza bila kutambuliwa, labda ni mmoja wao, labda alibaki ziwani. Yeye hakuandikiwa hata karatasi moja. Kwa hiyo nilipokaa kumwandikia huyu mama, nilikuwa nawaandikia wote wawili, na hilo nakwambia wewe tu.

Tangu hapo sikuondoka. Mdogo wetu nimembeba mgongoni. Mama alipoanza kuugua figo, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kusafishwa damu na kumrudisha, wengine wakituma hela, na nawashukuru, hela nazo zilihitajika. Lakini mama alikuwa akiulizwa na manesi mbele yangu, huyu ni nani wako, anajibu, "Mwanangu wa nne." Wa nne kati ya watano.

Baba mdogo anasema amefanya vile kwa sababu ya mirathi. Eti maandishi yakishachapwa mtu anaweza kuyapeleka mahakamani. Mimi nyumba ya Tabata siitaki, nimemwambia hivyo mbele ya kaka. Sikuasiliwa kisheria, najua, na mirathi inafunguliwa kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, si kwa kijitabu cha kuimbia nyimbo! Niko tayari kuandika kwa mkono wangu kwamba sidai hata kijiko. Sasa wanaogopa nini? Wangenificha kwenye huo muhtasari wao nisingesema neno. Kwenye wasifu wa mama ndiyo siwezi.

Nao ndugu zangu, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Baba mdogo ana yake. Lakini hawa tulilala kitanda kimoja. Mdogo wangu aliniandikia meseji jioni ile, "Dada usikasirike, tumalize msiba kwanza." Msiba umeisha, turubai limeshushwa, viti vimerudishwa, na hakuna aliyerudi kulizungumza.

Mume wangu anasema niandike "ameacha watoto na wajukuu" bila idadi, yaishe. Nimejaribu jioni hii. Nimeandika, nimeitazama, nimefuta. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu, angejua kwa nini namba imekosekana.

Wala si kwamba nataka kuandikwa. Jina langu likae au lisikae, mama ananijua. Lakini mbona watu wa kanisani waliotuona miaka yote wanaondoka na karatasi inayosema mimi sikuwepo? Nikiandika wanne, nitakuwa nimejitoa kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikikataa kazi, watasema nimesusa arobaini ya mama, na kweli atakayepewa ataweka picha mbovu na kukosea Usangi. Nikiandika watano, ibada itageuka kikao. Faili langu la kwanza ninalo. Kuna wakati nafikiri nichape nakala chache za watano, niwape watoto wangu tu. Halafu naona huko ni kumlilia mama kwa kujificha.

Kijana wa Kariakoo anataka kazi Jumatano ili aikunje na kuipiga pini kwa wakati, na baba mdogo amesema safari hii ataisoma kwanza yeye. Je, nimkabidhi ya watano mkononi mwake, aikatae mbele yangu? Au nianze kwa kaka mkubwa, nimuulize wazi kama mimi ni dada yake? Naogopa jibu lake kuliko la baba mdogo.

Nijibu mapema, na tafadhali usitaje jina langu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam